Zebaki husafiri na tope: barua kutoka Busia

Ndugu Mhariri,

Mvua kubwa ikinyesha, maji ya Mto Malaba hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Anayechota huambiwa asihofu: ni udongo tu, yakilala mtungini usiku mmoja, asubuhi yatakuwa yametulia. Naomba nafasi katika gazeti lako nilijibu neno hilo, "udongo tu". Huku Busia ya Uganda, kuanzia Tiira na Busitema hadi kwa majirani zetu wa Namayingo, udongo unaoingia mitoni hautoki mashambani peke yake. Sehemu yake imepita kwenye karai la mchenjua dhahabu, na hiyo hushuka mtoni ikiwa imebeba zebaki.

Kwa msomaji asiyeyajua machimbo, kazi huenda hivi. Mawe hupondwa kwa nyundo, yakasagwa kwenye karasha mpaka yawe unga, kisha unga ukapitishwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa zulia. Dhahabu, kwa uzito wake, hunasa kwenye nyuzi za zulia. Mchanga mwepesi huenda zake. Kilichonaswa hukung'utiwa karaini, zebaki ikamiminwa, mtu akakoroga kwa mikono mitupu. Zebaki ni metali ya majimaji, nzito mara 13.6 kuliko maji, na ikigusana na chembe ya dhahabu huikamata. Mwisho hupatikana tonge la rangi ya fedha, nalo hukamuliwa kwa kitambaa. Humo ndani karibu nusu ni dhahabu na nusu ni zebaki. Tonge likiwekwa motoni, zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kuondoka kama mvuke usio na rangi wala harufu. Dhahabu hubaki.

Kwa hiyo zebaki hutoroka kwa njia mbili, pamoja na maji ya kuoshea na pamoja na mvuke. Mvuke nao hauishii hewani. Sehemu yake hutua juu ya mapaa, majani na udongo wa jirani, kisha mvua huukokota hadi kwenye kijito kile kile.

Kiasi kinachopotea hutegemea sana zebaki iliingizwa wapi katika kazi. Ikitiwa kwenye kile kidogo kilichonaswa na zulia, gramu 1 ya dhahabu hula gramu 1 hadi 3 za zebaki. Ikimwagwa moja kwa moja ndani ya karasha, juu ya mawe yote, inaweza kufika gramu 10 na zaidi kwa gramu hiyo hiyo moja. Vyuma vya karasha huikatakata zebaki kuwa vitone vidogo mno, kama unga. Mafuta ya mashine na madini ya salfaidi yaliyomo kwenye mawe huvivika vitone hivyo ngozi, visiweze kuungana tena, na maji huvichukua kama upepo unavyochukua vumbi. Hapa wenzetu wachimbaji wasikie vizuri: vitone hivyo haviondoki mikono mitupu, huondoka na dhahabu laini vilivyokwisha kuikamata. Anayetia zebaki ndani ya karasha anaimwaga dhahabu yake mwenyewe mtoni.

Sasa turudi kwenye tope. Zebaki iliyosagika namna hiyo haiyeyuki sana majini. Hushikamana na chembe laini za udongo, na zinakokwenda chembe ndiko nayo inakokwenda. Chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1 huzama mita 1 kwa dakika 2 hivi. Chembe ya milimita 0.01 huhitaji kama saa 3. Ile ya mfinyanzi, ya milimita 0.002, huhitaji siku 3, na hapo maji yawe yametulia tuli. Mto hautulii. Ndiyo maana mchanga mzito hubaki karibu na machimbo, ambako watu huuona na kuulalamikia, lakini tope laini, lenye sumu zaidi, husafiri mbali bila kulalamikiwa na mtu. Malaba huteremka hadi Mpologoma, na Mpologoma huingia Ziwa Kyoga. Mto Sio, ule wa mpakani, humwaga maji yake Ziwa Viktoria. Machimbo ya wilaya moja yanaweza kuyafikia maziwa mawili.

Kwa sababu hiyo hiyo, kupima maji peke yake kunaweza kutudanganya. Shirika la Afya Duniani limeweka maikrogramu 6 za zebaki kwa lita moja ya maji ya kunywa kuwa mwisho. Maji ya mto yanaweza kuonekana yako chini ya hapo kabisa, mtu akapewa karatasi ya kuonyesha kwamba mto ni safi, na wakati huo huo sumu imelala kwenye matope ya kitandani mwa mto. Wilaya ikiamua kupima, ichukue tope: sentimita chache za juu, mahali maji yanapotulia, upande wa juu wa machimbo na upande wa chini, kisha lichekechwe libaki lile laini la chini ya milimita 0.063. Wapimwe pia samaki wakubwa wala-samaki, na nywele za watu wanaokula samaki hao mara kwa mara. Vipimo hivyo vitatu ndivyo vitakavyosema kweli. Na kwa anayechota: kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini zebaki hakuiondoi. Kutuliza maji kwa shabu na kuyapitisha kwenye chujio la mchanga husaidia zaidi, kwa kuwa huondoa lile tope lenye mzigo. Tope lililobaki chini ya ndoo lisimwagwe bustanini wala lisirudishwe mtoni.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni vinamasi. Tumezoea kusema, na ni kweli, kwamba mafunjo ni figo za maziwa yetu. Kwa maji ya vyoo na mbolea, kinamasi ni rafiki: hupunguza kasi ya maji, hunasa takataka, mimea ikala virutubisho. Kwa zebaki mambo hugeuka. Kwenye matope meusi yasiyo na hewa huishi bakteria wanaoibadilisha zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo hupenya kwenye mwili wa kiumbe na kukaa. Ziwa Kyoga lina kina kifupi, wastani wa mita 3 hivi, na limezungukwa na mafunjo pande nyingi. Ziwa la namna hiyo lina mazingira yanayowafaa sana bakteria hao. Tukiongeza maji taka ya miji na mbolea inayosombwa, mwani hustawi, hufa, huoza, huimaliza hewa iliyomo majini, na bakteria hupata nafasi zaidi. Uchafuzi mmoja huufungulia mwingine mlango. Mabonde ya Mpologoma hulimwa mpunga pia, na shamba la mpunga lililofurika ni kinamasi cha aina yake. Mkoani Guizhou, China, watafiti walikuta zebaki ya methili ndani ya punje za mchele uliolimwa karibu na migodi ya zebaki. Sijaona sababu ya kudhani mpunga wa kwetu una kinga ya peke yake.

Kutoka matopeni, zebaki ya methili hupanda ngazi. Vijidudu huila, dagaa huwala vijidudu, samaki wa kati huwala dagaa, na mputa, ambaye wengine humwita sangara, huwala wote. Kila ngazi hujilimbikizia zaidi ya iliyotangulia, kwa sababu mwili huitoa polepole kuliko unavyoiingiza. Hukaa ndani ya nyama yenyewe, si kwenye mafuta wala ngozi, kwa hiyo kumchuna samaki, kumkaanga au kumkausha kwa moshi hakupunguzi kitu. Kiwango kinachotumika kwa samaki wengi sokoni ni miligramu 0.5 kwa kilo.

Nisiwatishe wavuvi wa Majanji, kando ya Ziwa Viktoria, wala wachuuzi wa samaki. Vipimo vilivyochapishwa kuhusu samaki wa Ziwa Viktoria kwa sehemu kubwa vimewakuta chini ya kiwango hicho, na samaki ni chakula ambacho watoto wetu wanakihitaji. Wanaobeba zaidi ni mputa wakubwa, wazee wa miaka mingi. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapewe mukene (dagaa) na ngege (perege) badala ya mputa mkubwa, basi. Sababu ya kumtaja mjamzito ni kwamba zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma na kuingia kwenye ubongo wa mtoto unaojengwa. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga maji yenye zebaki baharini, walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa kwa mama walioonekana wazima au wenye dalili kidogo tu. Kwa mtu mzima huanza na ganzi ya vidole na midomo, kisha mwendo wa kuyumba, kisha macho yanayoona mbele tu kama mtu anayechungulia bombani. Mishipa ya fahamu iliyokufa hairudi.

Kinachowezekana kufanywa ni kingi, na sehemu kubwa yake ni kazi ya jembe. Kwa kuwa zebaki husafiri na tope, tope likizuiwa zebaki nayo huzuiliwa. Pampu ndogo inayotoa lita 100 kwa dakika, ikifanya kazi saa 8, hutumia mita za ujazo 48. Shimo la urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha mita 1.2 linatosha kuyapokea maji ya siku nzima. Yachimbwe mawili yanayofuatana, na la tatu dogo la maji yaliyotulia, ambako pampu itavuta tena. Maji yaingilie upande mmoja na kutokea upande wa pili ulio mbali, tena kwa kumwagika juu ya ukingo mpana ulio sawa, si kwa mfereji mwembamba unaokimbia. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuweka mwingilio na mtokeo karibu karibu: maji hukata kona, shimo lote likabaki bure. Kosa la pili ni kuliacha tope lijae hadi juu. Likifika nusu ya kina, litolewe na kulazwa mahali palipoinuka, penye sakafu ya mfinyanzi na tuta la kuzunguka. Na kama nilivyokwisha kusema, mfinyanzi laini huhitaji siku 3, wakati shimo huyapa maji siku moja. Kwa hiyo maji ya mwisho yasiachiwe mtoni hata yakionekana maangavu. Yazunguke, yarudi juu ya ubao. Hilo litampunguzia mchimbaji hata mafuta ya kuvuta maji kutoka mbali.

Mashimo hayo yawe wapi? Kanuni za vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa za mwaka 2000 zinataka mita 100 kutoka kwenye mito mikubwa iliyoorodheshwa, mita 30 kwenye mito mingine, na mita 200 kwenye maziwa makubwa. Mita 30 ni hatua arobaini hivi za mtu mzima. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kuzipima kwa miguu yake bila kumsubiri afisa kutoka Kampala.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha zebaki haigusi mawe mabichi. Ubao wa kuoshea wenye urefu wa mita 2 uinuliwe kichwa kama sentimita 35. Ukiinuliwa mno, dhahabu laini hukimbia na mchanga. Ukilazwa mno, mchanga hujaa na kuliziba zulia. Unga uchekechwe kwanza ili chembe kubwa zisizifukue zile ndogo. Mazulia yaoshwe mara kwa mara kutwa nzima, isiwe jioni tu, kwa sababu zulia lililojaa halishiki tena. Kilichokusanywa kipitishwe sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, iuondoe mchanga mweusi wenye chuma. Kilichobaki sasa ni kiganja cha mchanga badala ya magunia.

Kiganja hicho kikiwa na dhahabu nyingi, zebaki haihitajiki kabisa. Huchanganywa na boraksi, unga mweupe kama chumvi, uzito kwa uzito, kikatiwa ndani ya kibakuli cha udongo na kuyeyushwa kwa makaa yanayopulizwa. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Boraksi huyafanya madini mengine yayeyuke kwa urahisi na kuelea kama kioo, dhahabu ikazama na kujikusanya chini. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameitumia njia hii kwa miaka mingi. Haifai kwa mchanga ambao haujachujwa vizuri, na anayeijaribu na mchanga hafifu atakata tamaa siku ya kwanza. Kazi yote iko kwenye ule ubao na lile karai.

Anayeendelea na zebaki basi asichome tonge waziwazi. Chombo cha kuchomea chenye kifuniko na bomba hutengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea vyuma: kikombe cha chuma cheusi, kifuniko cha kukazwa kwa skrubu, na bomba jembamba linaloshuka kwa mteremko, lililofungwa kitambaa kibichi cha kupozea. Mvuke hugeuka matone na kudondokea kwenye bakuli la maji. Chombo kilichofungwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki. Fundi asitumie bomba lililopakwa zinki wala la shaba, kwani zebaki hujishika navyo. Mahali pa kufungia pasipokaza papakwe udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Na jambo moja la hatari: mdomo wa bomba usizamishwe majini. Moto ukipungua, chombo huvuta. Maji yakipanda hadi kwenye chuma chenye moto hulipuka. Mdomo uishie juu kidogo ya maji, ukifungwa kitambaa kibichi kinachoning'inia hadi ndani ya bakuli. Chombo kisifunguliwe mpaka kipoe kabisa. Kazi hii ifanyike nje, mbali na nyumba, na sufuria ya jikoni isihusike kamwe. Zebaki iliyopatikana itunzwe kwenye chupa nene yenye kifuniko, ikiwa imefunikwa na maji. Chombo cha alumini huliwa na zebaki.

Mara nyingine zebaki hutupwa kwa kuwa "imechoka": imekuwa chafu, inajigawa vipande, haikamati. Hata hiyo hufufuliwa. Inawekwa kwenye bakuli la plastiki, inafunikwa na maji ya chumvi ya asilimia 10 hadi 15, waya wa upande hasi wa betri ya volti 12 unagusa zebaki, wa upande chanya unabaki kwenye maji, kwa dakika 10 hivi. Hutoka gesi ya klorini, kwa hiyo ifanyike penye upepo.

Limebaki suala la marudio, yale mabaki ya mchanga yanayouzwa kwa wenye matangi ya sayanidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu iliyobaki mchangani. Sayanidi ikikutana na zebaki huiyeyusha, na iliyoyeyuka husafiri mbali zaidi kuliko ile iliyoshikamana na tope. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2019, unataja mambo manne ya kukomeshwa: kutia zebaki kwenye mawe yote, kuchoma tonge waziwazi, kuchomea penye makazi ya watu, na kutia sayanidi kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa. Yote manne yanaweza kukaguliwa kwa macho. Sheria ya Madini ya 2022 imemtambua mchimbaji mdogo na kumfungulia njia ya leseni. Masharti ya mashimo ya kutulizia na chombo cha kuchomea yaandikwe humo humo kwenye leseni, kwa Kiswahili. Machimboni hapa wamo Waganda, Wakenya, Watanzania na ndugu kutoka Kongo, na lugha wanayoelewana ni hii. Tahadhari iliyoandikwa kwa Kiingereza haimlindi mtu anayekoroga karai.

Halmashauri za pande mbili za mpaka zikubaliane pia juu ya vipimo. Mto Sio ni mmoja wenye kingo mbili, na tope lililochukuliwa ukingo wa Kenya likipimwa kwa njia tofauti na la ukingo wa Uganda, matokeo yake hayatalinganishika.

Masika yataanza mwezi Machi. Kati ya Desemba na Februari ardhi ni kavu, vijito vimepungua, na rundo la marudio lililo ukingoni mwa mto linaweza kuhamishwa kwa toroli. Mvua ya kwanza ikilikuta pale pale, halitahamishwa tena.

Wako,
Mdau wa maji na machimbo,
Busia, Uganda